Mwenye Afya Namba Kumi na Nne

9 Februari

Shemeji Sindano,

Boksi limefika, barafu bado ngumu, chupa zote arobaini nzima. Damu za wagonjwa ishirini wa saratani ya utumbo mpana na za wenye afya ishirini. Hapo nakupa heko, maana dereva wenu anaendesha kama anafukuzwa na nyuki.

Sasa nikuulize: huyo mwenye afya namba kumi na nne mmemtoa wapi?

Unajua kazi yetu hapa. Au hujui, maana nilikueleza siku ya harusi yangu na dada yako ukasinzia na sahani mapajani. Narudia. Ndani ya seli, jeni zinatoa maagizo. Kuna vijipande vidogo mno, tunaviita maikroRNA, ambavyo kazi yake ni kuyazima baadhi ya maagizo hayo. Kikizidi kile kinachozima agizo la “basi, acha kukua”, seli inaota kama shamba lisilo na mwenyewe. Kwenye saratani ya utumbo kuna kimoja, sisi tunakiita kwa namba yake, ishirini na moja, ambacho huwa juu, na kinaonekana mpaka kwenye damu. Kwa wagonjwa wako wengi kiko juu. Wenye afya wametulia kama maji mtungini. Isipokuwa kumi na nne. Huyo amewapita hata wagonjwa kumi na watano!

Kwa hiyo ama mlitikisa chupa mpaka chembe nyekundu zikapasuka, ama mlibandika lebo huku mnapiga soga. Nimemweka pembeni. Nikimwacha ananiharibia hesabu yote, na bosi wangu akinuna ananuna mwezi.

Mama mkwe anaendeleaje na nyonga? Mwambie Mwalimu wangu kwamba barua yake ya mwisho ilikuwa mistari sita. Mke wa mtu hajazwi kwenye mistari sita. Nyumba bila yeye, bomba likidondosha tone nasikia kutoka chumbani.

Shemeji yako,
Mashine


16 Februari

Shemeji Mashine,

Nyani haoni kundule. Kabla hujanitia doa, kaifute vumbi hiyo mashine yako.

Damu ikipasuka, maji yake ya juu huwa ya pinki. Ya kumi na nne yalikuwa ya manjano, safi, nimeyaangalia kwenye mwanga mwenyewe kabla ya kuyagandisha. Na lebo nimebandika mimi, mdomo umefungwa. Wagonjwa nawatoa damu mimi. Wenye afya aliwatoa sista wa kitengo. Ni jamaa wa wagonjwa, wafanyakazi na watu waliopita tu wakajitolea. Fomu zenye majina anafungia kwenye kabati lake na ufunguo anatembea nao shingoni. Mimi kwangu kumi na nne ni kumi na nne. Ndivyo mlivyotaka nyinyi wenyewe, kila kitu kwa siri.

Mama ameanza kukaa kitandani bila kushikwa. Mwalimu ndiye anamgeuza, anamwogesha, anamlisha, na bado anapata nguvu ya kunisahihisha Kiswahili changu. Amekonda kidogo. Kuuguza si mchezo, na mama yetu unamjua, akiwa mgonjwa ni rais.

Sindano


24 Februari

Shemeji,

Yaishe. Jedwali limekwenda kwa bosi na wenye afya kumi na tisa. Kumi na nne nimemtoa, nimeandika “chupa yenye hitilafu”. Usinune, sikuandika hitilafu ya nani.

Mashine


2 Machi

Mume wangu,

Mama anakusalimu. Anauliza kama bado unakula mayai asubuhi na jioni. Nimemwambia ndiyo, amecheka mpaka nyonga ikamkumbusha.

Shuleni wameniongezea likizo mpaka mwisho wa muhula. Darasa langu la tano anafundisha mwalimu wa michezo. Wanangu watatoka wanajua kukimbia tu, hesabu za sehemu basi tena.

Nilitaka kukuuliza kitu. Zile damu za boksi la kwanza, majibu yameshatoka? Kaka hasemi lolote. Wale wenye afya, wote wameonekana sawa? Nauliza tu, maana ninapokaa hapa hospitali na mama naona watu wanakuja kujitolea, nikawaza, akitokea mmoja si mzima, nani anamwambia?

Mkeo


7 Machi

Mwalimu wangu,

Hilo ni swali la mtu aliyekaa wodini mno! Majibu yametoka. Wenye afya wote safi kama daftari jipya, hakuna hata mmoja wa kutia shaka. Lala usingizi.

Mayai nimepunguza. Sasa ni asubuhi tu. Rudi kabla sijaanza kuwika.

Mumeo


21 Aprili

Shemeji,

Nimekupigia mara tano. Najua simu yako iko kwenye kabati nje ya maabara. Dereva anaondoka sasa, nimemwambia barua hii akupe mkononi, asimwachie mtu. Ukiisoma panda gari uje.

Leo asubuhi Mwalimu ameanguka chooni nyumbani kwangu. Mke wangu amevunja komeo. Damu ilikuwa sakafuni, si kidogo. Tumemleta hapa, wamemwongeza chupa mbili, saa tano wakamwingiza kamera. Kuna uvimbe upande wa kushoto wa utumbo mpana. Umeziba njia karibu yote. Daktari ameniita pembeni kama ndugu wa kazini, nikajua kabla hajafungua mdomo.

Lakini hilo siyo lote.

Sista alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake umekuwa majivu. Akaniuliza, “Kwani ile damu ya dada yako walisemaje kule?” Nikamwambia damu gani? Akasema, “Si alijitolea Januari. Alinikataza nisikwambie, alisema utamtania.” Akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akanipa fomu. Mwandiko wake, shemeji, ule wa ubaoni, umesimama wima. Dalili zozote? Hakuna. Na juu kabisa, kwa wino mwekundu wa sista, namba kumi na nne.

Nimekaa chini kwenye korido. Mgonjwa mmoja akanipa maji, mimi, ndani ya koti jeupe.

Yale maji ya manjano niliyoyaangalia kwenye mwanga nikakwambia ni safi.

Njoo.

Sindano


22 Aprili, kabla ya kuingia upasuaji

Mume wangu,

Kaka atakupa hii nikiwa ndani. Nilikuona jana jioni ulivyoingia wodini na viatu vya maabara, ukashika chuma cha kitanda badala ya kunishika mimi, nikajua ameshakwambia. Hukuniuliza kitu. Basi nakujibu.

Damu niliiona mara ya kwanza Septemba, bado niko nyumbani kwetu. Nikajiambia ni bawasiri. Oktoba nikajiambia ni bawasiri. Mtu ukijiambia kitu kila asubuhi kinakuwa kweli mpaka mchana. Halafu mama akavunjika nyonga, nikashukuru, Mungu anisamehe, nikapata sababu ya kuondoka mbele ya macho yako, maana wewe ungeniona. Hapa kila mtu anamtazama mama.

Siku ile sista anatafuta wenye afya nikaona mlango. Nikawaza, kama nina kitu, mashine ya mume wangu itakiona, na atakayeniambia ni namba tu, siyo daktari na uso wake. Nitakaa nisubiri. Kama sina, hakuna atakayejua niliogopa. Nilijiona mjanja. Mimi nawaadhibu watoto kwa kuchungulia majibu nyuma ya kitabu.

Nikasubiri. Nikakuandikia. Ukanijibu nilale usingizi.

Nililala, mume wangu. Wiki sita nimelala vizuri kuliko mwaka mzima. Damu ilipozidi nikasema ni bawasiri kweli, si mashine imesema niko safi? Sikulaumu. Nakuandikia ili ulijue lote, kwa sababu nikitoka humu hai sitaki kuficha tena kitu, na nisipotoka sitaki ulisikie kwa sista.

Wamekuja kunichukua.

Mkeo


23 Aprili

Mwalimu wangu,

Umelala, mdomo wazi, mrija puani. Daktari anasema umetoka salama. Wamekata utumbo sentimita ishirini na mbili na kuunga. Tezi kumi na tano za kando yake wamezipeleka kupimwa.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki na nyuma ya karatasi ya chati naandika, maana nikisema nitalia na mgonjwa wa kitanda cha pili anataka kulala.

Nilikutoa. Nataka uisome kwa mwandiko wangu. Nilikuona kwenye kioo cha mashine, ulikuwa juu ya wagonjwa kumi na watano, nikacheka. Nikafanya utani na kaka yako. Nikaandika “chupa yenye hitilafu”. Aliniambia chupa haina hitilafu, na nilijua yeye ni fundi, lakini mtu mwenye afya aliye na damu kama ile alikuwa ananisumbua kwenye hesabu, na chupa mbovu ilikuwa hainisumbui. Halafu ukaniuliza kwa mkono wako nani atamwambia, nami nikakujibu wote safi. Haikuwa uongo kwenye jedwali. Kwenye jedwali ulikuwa haupo.

Bosi nimempigia. Nimemwambia kipimo kile kilikuwa kweli. Akauliza, “Ulirudia?” Kurudia ni saa tatu za kazi. Sikurudia.

Umesogeza kidole.

Sitaki unisamehe leo.

Mumeo


20 Juni

Mwalimu wangu,

Likizo waliyonipa imekwisha na nimerudi kwenye nyumba ya tone la bomba. Najua hospitali ya huko ndiyo yenye dawa na kaka yako yuko karibu, lakini kila nikifungua mlango natamani kurudi stendi.

Damu yako imefika, ile uliyotia sahihi kwamba nikupime na nikwambie, kwa jina lako, bila namba. Nimeipima mara tatu. Ishirini na moja imeshuka. Kabla ya upasuaji ulikuwa juu mno; sasa uko karibu kabisa na watu wenye afya. Uvimbe ndio uliokuwa unaimwaga damuni, na uvimbe haupo.

Najua tezi nne zilikutwa na seli za saratani. Ndiyo maana ya dripu za kila wiki mbili. Endelea nazo. Vidole vikifa ganzi mwambie daktari, usiwe shujaa.

Mumeo


5 Agosti

Mwalimu wangu,

Nakuandikia saa ile ile. Koti sijavua. Hata kama utanichukia, hii haitakaa mfukoni mwangu hata usiku mmoja. Nakala nimempelekea daktari wako, na kwa simu nimemwachia kaka yako ujumbe asikwambie, nikwambie mimi.

Ishirini na moja imepanda. Ya wiki nne zilizopita nilidhani ni mashine imeyumba tu. Ya leo ni mara tatu ya ile ya Juni. Nimerudia. Nimebadilisha dawa za kupimia nikarudia. Nimemwita mfanyakazi mwenzangu wa maabara, yule mwanamama mkali, apime bila kujua ni ya nani. Amepata kile kile.

Nilikaa dakika kumi na karatasi mkononi nikiwaza, akiwa bado na mizunguko sita ya dawa, nimwache amalize kwa moyo. Dakika kumi nzima. Nakiri.

Sikia ninachokijua na nisichokijua. Kwenye utafiti wetu na wa wengine, wagonjwa ambao kijipande hiki kinapanda wakiwa kwenye dawa, mara nyingi ni kwamba dawa haiwagusi. Kinazima lile agizo linaloiambia seli iliyojeruhiwa ife, kwa hiyo dawa inaipiga na seli inasimama tena. Mara nyingi, siyo mara zote. Ni utafiti, siyo hukumu. Kinachoweza kusema ni picha. Waombe wakupige picha ya tumbo sasa, wasingoje mwisho wa dawa.

Mumeo


14 Agosti

Mume wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, chungu kikaungua.

Daktari hakutaka. Alisema kwa upole, “Mama, mumeo ni mtu wa maabara, tena ana uchungu. Kipimo hicho hakimo kwenye mwongozo wetu. Picha yako ni Oktoba.” Nikamwambia, “Daktari, mimi ni mwalimu. Mtoto akinyoosha mkono namsikiliza kwanza, halafu ndiyo namwambia kaa chini.” Akaniangalia. Akaandika nipigwe picha.

Ini lina doa. Milimita kumi na moja. Kama punje ya haragwe.

Nikauliza swali la kijinga, nikasema, hizi dripu sita zilizoniua vidole na kuninyang’anya ladha ya chumvi, zimefanya nini? Daktari alikuwa anatazama picha na barua yako, moja huku, moja huku, kama mtu aliyepigwa kofi na hajui limetoka wapi.

Wamebadilisha dawa. Naanza Jumatatu.

Unaona umenikera? Ningekuwa na miezi miwili zaidi ya kutojua. Jana usiku niliitaka ile miezi. Leo asubuhi nimeoga, nimemvika mama viatu, tumetembea naye mpaka getini na fimbo yake, na nikawaza kwamba ungeninyima habari hii ningekuacha. Kweli ningekuacha, na nyonga ya mama ningebeba mgongoni.

Jambo jingine. Daktari anasema ndugu wa tumbo moja wa mtu aliyeugua chini ya miaka hamsini lazima aingizwe kamera. Nimemwambia Kaka. Amesema ana kazi nyingi. Mwandikie. Mtanie, mtukane, unavyojua.

Mkeo


29 Oktoba

Shemeji Mashine,

Nakuandikia kutoka kitandani, kwa hiyo mwandiko usiucheke.

Kwanza la kwako. Picha ya Mwalimu imetoka jana. Lile doa la ini lilikuwa milimita kumi na moja, sasa ni nne. Dawa ya pili imelikamata. Daktari wa upasuaji anasema hilo lililobaki anaweza kulikata, wamepanga wiki ya pili ya Novemba. Hajasema amepona, na mimi sitakwambia amepona. Amesema linakatika. Na safari hii daktari wake ndiye aliyeuliza, mbele ya wenzake, “Damu mmeshapeleka kwa mumewe?” Nikataka kumbusu.

La pili ni langu. Barua zako tatu za matusi nilizipata. Zilikuwa nzuri, ile ya pili nilimsomea sista. Sikuenda. Nilijiambia mimi sina maumivu, sina damu, sijakonda, tumbo langu ndilo kwanza linazidi mkanda. Wiki iliyopita Mwalimu akaja maabara na bandeji ya dripu mkononi, akasimama kwenye foleni ya wagonjwa kama mgeni, akafika dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya darasani, “Kaka, nimekuandikisha kesho saa mbili. Mke wako ameshakutengenezea ile dawa ya kusafisha tumbo. Ukikataa nakaa hapa hapa.” Watu thelathini wananitazama.

Shemeji, wamenikuta na vinyama viwili ndani ya utumbo. Kimoja kidogo. Cha pili, sentimita mbili na nusu, na kwenye darubini seli zake zimeshaanza kubadilika. Zilikuwa bado hazijavuka ukuta. Wamevitoa vyote kwa kamera, kwa waya, bila hata kunipasua. Daktari akaniambia ningesubiri dalili, pengine miaka miwili au mitatu, tungekuwa tunazungumza mazungumzo mengine.

Nimekaa nimeikodolea macho ile picha. Kitu chekundu kama uyoga, ndani yangu mimi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda ngazi mbili mbili. Nilikuwa mzima kabisa, shemeji. Muulize yeyote.

Mwalimu ameketi hapa ukingoni mwa kitanda anasoma kila ninachoandika. Anasema niandike kwamba sikulia.

Nililia. Naye alilia. Mama ametuuliza kuna nini, na tumemwambia yote.

Sindano